Kuku Aatamie, Nasi Tulee

Wazee waliotunga ile methali ya kuku wa mkata, kwamba hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe, muradi wao ulikuwa kumliwaza mtu ambaye kila alishikalo humponyoka, wala hawakukusudia kutufundisha ufugaji. Walakini kwetu huku Njombe na Makambako maneno hayo yamegeuzwa kuwa hukumu juu ya kuku wa kienyeji, hata mtu mwenye matetea wanne nyuma ya nyumba yake huamini kwamba asipopata mashine ya kutotolesha hatafuga kitu. Mimi naona kuku huyo amedhulumiwa. Kutaga anataga, na kuangua anaangua, tena kwa ustadi usiouzwa dukani. Penye msiba ni pale mwisho, baada ya kifaranga kutoka katika yai, na hapo lawama ni yetu sisi tunaomwachia mama mtu akawalee wanawe njiani, penye mwewe, mvua na magurudumu ya bodaboda.

Na atazamwe kwanza katika kazi yake. Tetea akishataga mayai yake kumi au kumi na matano, homoni iitwayo prolaktini huzidi mwilini mwake, kutaga hukoma, na hamu ya kuatamia humshika. Manyoya ya kifuani humpukutika ili ngozi tupu iguse yai, na ukimsogelea hujitutumua akaonekana mkubwa mara mbili, akatoa mngurumo mzito wa kooni ambao siku nyingine humsikii nao. Hushuka kiotani aghalabu mara moja kwa siku, anywe, ale upesi upesi, aangushe kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu kali, ajigaragaze katika majivu, kisha arudi mbio kabla mayai hayajapoa. Kwa siku 21 huyageuza kwa mdomo wake, ya pembeni akiyaleta katikati na ya katikati akiyasukuma pembeni, usiku na mchana, wala hajali kama umeme umekatika au umerudi.

Neno hilo la umeme si dogo katika nchi kama hii. Mji wa Njombe umekaa kwenye mwinuko wa karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako, pale barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inapoachana na ile iendayo Songea, iko chini kidogo, lakini upepo wake ni mkali hata watafutao umeme wa upepo wameufuata kuupima. Mashine inataka joto la nyuzi 37 na nusu, lisipande wala lisishuke kwa muda mrefu; umeme ukikatika usiku wa Julai, katika chumba ambacho mtu mzima hulala na mablanketi mawili, mayai mia moja huweza kuharibika kabla mwenyewe hajaamka. Simzuii mwenye mtaji na jenereta. Ninayemsemea ni mtu wa matetea wanne, ambaye mkopo wa mashine utamwelemea ilhali mashine nne anazo tayari, na alifanyalo ni kuzifukuza kwa fimbo.

Maana ndivyo tufanyavyo. Kuku akishikwa na hamu ya kuatamia wakati mwenyewe anataka mayai ya kuuza, hutoswa katika ndoo ya maji ya baridi, au hupitishwa unyoya puani, au hufungwa kamba mguuni juani. Mateso hayo hayana faida. Ukitaka mayai tu na huna haja ya vifaranga, mtie kuku huyo katika kizimba kilichoinuliwa, chenye sakafu ya fito, hewa imfikie kifuani kutoka chini, umpe maji na chakula. Baada ya siku tatu nne hamu humtoka mwenyewe. Lakini kabla hujafanya hata hilo, jiulize kama si hasara kuzuia kazi ambayo wengine huitafuta kwa fedha.

Wamisri wa kale walijenga matanuri ya udongo wakayatotolesha mayai kwa maelfu, wahudumu wakipima joto kwa kuligusisha yai kwenye ukope wa jicho, na maarifa hayo yalimshangaza hata mwanachuoni Réaumur wa Ufaransa, aliyetoa kitabu chake juu ya kuangua mayai kwa joto la kutengenezwa mwaka 1749. Lakini kuku wa Fayoum, wa nchi hiyohiyo ya matanuri, hadi leo ni mzito wa kuatamia, na Sasso na Kuroiler tunaouziwa siku hizi vilevile hawana desturi hiyo. Anayewafuga hao hurudi kununua vifaranga kila msimu, na soko la vifaranga ni la watu wengine: mwaka 2017 vifaranga 6,400 waliovushwa kutoka Kenya walichomwa moto Namanga, kwa katazo lililowekwa kwa hofu ya mafua ya ndege. Sisemi katazo halikuwa na sababu. Nasema mwenye kuku anayeatamia habari ile aliisikia redioni tu.

Mama mmoja wa Makambako, mfugaji wa siku nyingi, nilipomwuliza mbona hahangaiki na mashine, alinijibu, “Mwanangu, mashine yangu hula pumba na kunywa maji.” Kisha akanionyesha hekima yake, ambayo laiti ingefundishwa katika kila kijiji. Kuku wa kwanza akitaka kuatamia, hampi mayai ya kuangua papo hapo, bali humlaza juu ya mayai viza mawili matatu, naye hutulia hapo, hata kuku wa pili na wa tatu nao watake. Ndipo usiku mmoja, gizani, huondoa viza na kuwatilia wote mayai mapya, ili vifaranga wote watoke siku moja. Mayai huyachagua yasiyopita siku kumi tangu kutagwa, yasiyo na ufa, yaliyokaa mahali penye baridi ya wastani, na kila kuku humpa kumi au kumi na mawili, kwa kuwa huku kwetu yai lililobaki nje ya mbawa hupoa mara moja. Viota vyake ni vikapu vya mianzi vilivyopangwa pembe ya jiko la kuni, vikiwa na majani makavu, na chini yake majivu na majani ya tumbaku ya kuzuia utitiri na viroboto. Vijitabu vingi vinaagiza mwarobaini, mti ambao baridi ya Njombe haupatani nayo.

Siku ya saba, usiku, huyainua mayai mbele ya kurunzi. Yai lenye uhai huonyesha doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika pande zote. Lililo tupu hung’aa lote, nalo huondolewa, likachemshwa kuwa chakula cha vifaranga watakaokuja. Nimeona watu wakistaajabu kwa jambo hili kana kwamba ni uganga, na kumbe ni yai na tochi ya simu.

Sasa tufike penye msiba wenyewe. Vifaranga wa kuku watatu wakitoka pamoja, wagawiwe kuku wawili usiku, na yule wa tatu aachwe arudie kutaga. Hesabu yake ni nyepesi: kuku hutaga kwa muda wa juma tatu hivi, huatamia juma tatu nyingine, na akiachiwa ulezi wote hutembea na wanawe miezi miwili hata mitatu, ndiyo maana kwa mwaka uzao wake hauzidi mara tatu. Ukimpunguzia ulezi ukawa mwezi mmoja, huweza kufika mara nne hata tano. Lakini hapa nakhitilafiana na wale wanaoshauri kwamba vifaranga wanyang’anywe mama yao siku ile ile ya kutoka. Shauri hilo lina insafu huko Pwani, penye joto. Huku juu, kifaranga wa siku moja anataka nyuzi zaidi ya 30, na mwenye kumpa joto hilo kwa jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa anajiwekea hewa ya sumu iuayo kifaranga na mlezi wake pamoja. Mbawa za mama hazina moshi. Waachwe naye mwezi mzima, wala wasizurure: mama na wanawe wafungiwe mahali pakavu, na chakula cha wadogo kifunikwe kwa tenga lenye matundu ambayo wao hupita na mama hawezi, maana akiachiwa yeye hukimaliza. Pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa wa kusagwa, vyote vinapatikana Makambako sokoni.

Wakati nao uchaguliwe. Anayeatamisha Mei hupokea vifaranga Juni, akawazika Julai. Aanze Agosti, wapatikane Septemba, na mvua za Novemba na Desemba ziwakute wameshaota manyoya. Tabu ni moja, nayo ni kubwa: miezi hiyohiyo ya kiangazi kabla ya mvua ndiyo kideri, au mdondo kama wengine waitavyo, hupenda kuzuka, na kikiingia mtaani hakibagui kuku aliyetunzwa na asiyetunzwa. Kwa hiyo pasipo chanjo ni bora usiatamishe msimu huo kabisa.

Chanjo ipo, tena hutengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ni ile ya I-2 inayostahimili joto, tone moja jichoni, ikarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kikwazo ni kwamba chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa mtu mmoja, na mwenye kuku sita huona ni israfu kununua, akaacha. Jirani yake naye huacha kwa hoja hiyohiyo, na kideri kikapita nyumba zote mbili. Hapa ndipo ningependa maofisa ugani wa halmashauri zetu na vikundi vya akina mama vinavyoomba ile mikopo itokanayo na asilimia kumi ya mapato ya halmashauri waelekeze juhudi, kabla ya kuandika maombi ya mashine. Kila mtaa uwe na siku yake ya chanjo, itangazwe sokoni na kanisani juma moja kabla. Asubuhi hiyo kuku wasifunguliwe bandani, fedha ya chupa ichangwe kwa hesabu ya vichwa, na mtu mmoja aliyefundishwa apite nayo nyumba kwa nyumba hata ikwishe, kwa kuwa ikishafunguliwa haiwekwi akiba. Wanaoatamisha wapange siku zao kwa kuifuata siku hiyo ya chanjo.