Sanamu Zisizo na Majina

Kila uchao maelfu ya watu hupita katika Barabara ya Kenyatta jijini Nairobi, mmoja akikimbilia kazini, mwingine akitafuta kivuli tu, na ni wachache mno wanaosita kuzitazama sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa hapo mwaka wa 1928. Mmoja ni mpagazi, wa pili ni askari wa Keya, na wa tatu ni askari wa kikosi cha Waarabu. Chini yao mna maandishi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Wapagazi wanasifiwa humo kuwa ndio waliokuwa mikono na miguu ya jeshi, na wafu wanaahidiwa kwamba wana wao watalikumbuka jina lao.

Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake mahali hapo na awaagize walitafute jina hata moja. Hawatalipata.

Aliyeyatunga maneno yale ya Kiingereza ni mwandishi Rudyard Kipling. Yeye mwenyewe alifiwa na mwanawe wa pekee wa kiume, John, katika vita hivyo hivyo, huko Ufaransa mwaka wa 1915. Maiti ya kijana huyo haikutambuliwa wakati ule, lakini jina lake liliandikwa ukutani pamoja na ya maelfu ya wenziwe waliopotea. Hatumwonei kijicho mzazi aliyefiwa. Tunauliza tu: yuko wapi ukuta wa mpagazi wa Machakos, wa Nyanza au wa Murang'a?

Vita vya 1914 hadi 1918 havikuwa vya Ulaya pekee. Vilifika mpakani mwetu Taveta, ambako Wajerumani waliingia Agosti 1914, vikapiganwa Tanganyika yote hadi Msumbiji. Barabara zilikuwa haba, na mbung'o waliwaangamiza farasi na nyumbu, kwa hivyo chakula na risasi vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwalazimisha Waafrika kubeba mizigo hiyo, na kufikia 1917 machifu walikuwa wakiwasaka vijana kijiji baada ya kijiji. Zaidi ya 150,000 walichukuliwa kutoka nchi hii ambayo leo ni Kenya. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na unga wa mahindi ambao haukupikwa ukaiva wala matumbo ya wengi hayakuuzoea. Serikali yenyewe ilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Wanahistoria wanaohesabu wapagazi wa makoloni yote ya Waingereza waliotumiwa katika vita vya Afrika Mashariki wanakaribia 100,000. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao hata kidogo.

Husemwa kwamba majina yale yalikuwa mengi mno kuweza kuandikwa. Hoja hiyo haina mashiko. Serikali iyo hiyo, kuanzia mwaka wa 1920, iliweza kumvisha kila mwanamume Mwafrika kipande shingoni chenye jina lake na alama za vidole vyake, ili asitoroke kazini kwa mlowezi. Aliyehitajiwa kufanya kazi aliandikwa, aliyekwisha kufa akaachwa. Mnamo Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba sababu mojawapo ilikuwa ubaguzi. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Radhi imepokewa, lakini haina jina la mtu ndani yake.

Wapo watakaotuuliza kwa nini tuwaenzi watu waliokufa katika ugomvi wa Wazungu. Swali hilo ni la haki, na mwalimu asilizime darasani. Wapagazi hawakuupigania utawala wa Mfalme kwa hiari yao. Wengi waliburutwa, na wengine walikimbilia msituni kuliko kwenda. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwatafuta. Aliyekamatwa kwa nguvu, akafia porini Tanganyika, akanyimwa mshahara na kaburi, tukimnyima na jina tutakuwa tumeikamilisha kazi ya aliyemkamata.

Kumbukumbu tunayoitaka si sanamu nyingine ya jijini. Hizo hugharimu fedha nyingi, huzinduliwa kwa hotuba ndefu, kisha njiwa huzikalia. (Waliozuru soko la Kariokor kununua vyondo ni wengi kuliko wanaojua kwamba jina lenyewe limetokana na kambi ya hao wapagazi.) Tunaitaka iliyo kijijini, karibu na wanaohusika, na shule ndiyo inayoweza kuianza. Daftari moja latosha, na baadaye bamba la saruji ukutani.

Kazi yenyewe haingoji. Mjukuu wa mpagazi wa 1917 leo ni ajuza au shaibu. Anayokumbuka aliyasikia kwa baba yake jioni motoni, na akienda nayo, hakuna jalada mahali popote litakaloyarudisha. Mwanafunzi aliye na bibi au babu wa umri huo ana hazina ambayo profesa wa chuo kikuu hana.

Na aulize kwa adabu, wala asiridhike na jina tupu. Marehemu alikuwa mwana wa nani, wa ukoo gani? Ni chifu wa wapi aliyemtoa? Aliondoka na nani kijijini? Aliyerejea alisimulia nini, na asiyerejea alingojewa mpaka lini? Yapo maboma ambamo mke alingoja miaka bila kuambiwa lolote. Jina la mke huyo nalo liandikwe. Vivyo hivyo waandikwe waliokwenda Burma na Uhabeshi katika vita vya pili, ambao watoto wao wangalipo na wanakumbuka mengi zaidi. Masimulizi mawili yakipingana, yaandikwe yote mawili na wasimuliaji wake.

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka yatosha kwa kuanzia.