Mashine ya makumbi iwe ya nani?

Kumbi la nazi halitoi uzi kwa hiari. Katika vijiji vya pwani ya Zanzibar wanawake huyafukia makumbi matopeni, wakayakandamiza kwa mawe yasichukuliwe na maji, wakayaacha miezi kadhaa yalainike. Maji yakipwa huyafukua, wakaketi kuyatwanga kwa gongo, moja baada ya jingine, mpaka ubaki usumba wa kusokota kamba. Kusokota hufanyika barazani, watu wakizungumza. Kutwanga ndiko kunakovunja mgongo.

Sufu na pamba nazo zina taabu hiyo. Mchanaji wa zamani alishika vibao viwili vyenye meno ya waya, akavikwaruzanisha mpaka nyuzi zitakate na kulala upande mmoja. Mwaka 1748 Lewis Paul alipata hataza ya mashine ya kuchana huko Uingereza. Mwaka 1775 Richard Arkwright akapata yake, iliyo bora zaidi.

Katika mji wa Leeds, hukohuko Uingereza, hawakushangilia wote. Mwaka 1786 wafanyakazi wa sufu walilalamika magazetini kwamba mashine 170 zimeenea umbali wa maili 17 kusini-magharibi ya mji, na kila moja kwa saa 12 hufanya kazi ya watu 10. Mashine hazikuwa zao. Faida ikaenda kwa mwenye mtaji, njaa ikabaki kwa mchanaji.

Kisiwa cha Pemba huko Zanzibar, ambako makumbi bado hutwangwa kwa gongo, hakina sababu ya kurudia hayo, wala ya kuendelea kutwanga.

India na Sri Lanka zinatumia mashine kupura makumbi yaliyolowekwa siku chache tu. Hata vumbi lake huuzwa kwa wenye vitalu vya miche. Umeme si kisingizio tena: waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010.

Basi mashine kama hiyo ikipelekwa Chokocho huko Pemba, wanakopandia vyombo watu wa kisiwa jirani cha Kisiwa Panza, hati yake iandikwe kwa jina la ushirika wa wanawake wenyewe, si la tajiri wa kukodisha. Bei ya kupura ipangwe kabla haijawashwa, na kusokota kubaki mikononi mwao. Kazi ya kuiunda wapewe mafundi wa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia ya hukohuko Zanzibar, ili jino likikatika lisisubiri meli kutoka Mumbai.