Jicho la Kamera na Stara ya Jirani

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, walitujia barazani kina mama watatu wa Buxton wakiwa na malalamiko. Walisema kuwa katika ghorofa wanayokaa yuko kijana mwenye kamera aliyoifungua na kuifunga upya kwa mikono yake, na habari imeenea ngazi zote kuwa kamera hiyo humwona mtu ndani ya nguo. Tangu siku hiyo mabinti zao hawataki kupita uwanjani hata wakiwa wamejisitiri. Mmoja wao akatuuliza: "Sheikh, ikiwa buibui halisitiri tena, watoto wetu wavae nini?"

Swali hilo ni zito, na hatukuona haki kulijibu kwa kukisia. Kumdhania vibaya Mwislamu ni dhambi, na kuipuuza hofu ya mama juu ya bintiye ni dhulma vilevile. Tuliwaomba watupe muda, tukampelekea kijana salamu. Alikuwa mwanafunzi wetu chuoni, na leo anapata riziki yake kwa kutengeneza simu. Alikuja na kamera yake, akatuamkia, akasema: "Maalim, niulize lolote. Sina ninalolificha."

Kwanza alitueleza kazi yenyewe. Mwanga ambao jicho la binadamu huuona ni sehemu ndogo tu ya mwanga aliouumba Mwenyezi Mungu. Ukipimwa kwa nanometa, jicho huona kuanzia 400 hivi hadi 700 hivi, yaani kutoka zambarau hadi nyekundu. Mwaka 1800, William Herschel aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu, kilipanda kuliko vyote. Huo ndio mwanga uitwao infraredi. Nasi tukakumbuka kuwa miaka mia nane kabla yake, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alikwisha kubainisha katika Kitab al-Manazir kwamba jicho huona kwa mwanga unaoliingia kutoka kwenye kitu, wala si kwa miale inayotoka jichoni.

Kamera za kidijitali zina kibati cha silikoni kinachopokea mwanga badala ya filamu, nacho huona mbali kuliko sisi, hadi karibu nanometa 1100. Ili picha zifanane na tunavyoona, watengenezaji huweka mbele yake kioo chembamba cha kuuzuia mwanga wa infraredi. Msomaji anaweza kulithibitisha hili nyumbani: aielekeze rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele ya simu, kisha abonyeze. Katika simu nyingi ataona taa inamemeteka, ilhali jicho lake halioni kitu.

Kazi ya kijana ilikuwa kukitoa kioo hicho. Alinunua kamera kuukuu, akatoa betri, akafungua skrubu moja moja na kuzipanga juu ya karatasi kwa mpangilio wake. Hapa alitutahadharisha, nasi tunawatahadharisha vijana wetu: ndani ya kamera yenye flashi mna kapasita inayohifadhi umeme wa volti zipatazo 300 hata baada ya betri kutolewa, na mshtuko wake si wa kuchezewa. Baada ya kukitoa kioo cha kwanza, aliweka mahali pake kingine kinachozuia mwanga wa kawaida na kupitisha ule unaozidi nanometa 720. Unene wa kioo kipya lazima ulingane na mahitaji ya kamera, ama sivyo picha zitatoka na ukungu. Chembe moja ya vumbi ikibaki ndani, itaonekana katika kila picha. Asiyetaka kuifungua kamera yake anaweza kuvisha chujio mbele ya lenzi, lakini kwa kuwa kioo cha ndani bado kinazuia, picha moja huweza kuchukua sekunde nyingi, na kamera haina budi kusimamishwa juu ya miguu mitatu.

Kisha akatuonyesha picha alizopiga: mibuyu ya Mama Ngina na mikoko ya hori ya Tudor. Majani yote ni meupe kama pamba na anga ni jeusi. Jani la kijani humeza mwanga mwekundu kwa ajili ya chakula chake, lakini mwanga wa infraredi hulirudisha kwa wingi. Robert Wood alionyesha picha za namna hii mwaka 1910, na setilaiti za Landsat, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, hutumia siri hiyo hiyo kupima mimea ya ardhini. Tulisema "Subhanallah" mara kadhaa. Lakini kina mama hawakuja kutuuliza juu ya mibuyu.

Basi asubuhi moja, saa tano jua likiwa kali, tulifanya jaribio uani kwetu. Hatukumvika mtu nguo yoyote. Tulichukua ubao wa chuoni ulioandikwa herufi nene kwa wino wa masizi, tukausimamisha nyuma ya nguo tulizozitundika kambani. Mama watoto alitupa buibui lake kuukuu na mtandio mweusi mwepesi wa kitambaa cha kiwandani. Kwa macho yetu, nguo zote mbili zilikuwa nyeusi na ubao haukuonekana.

Katika kamera, buibui liligeuka rangi ya majivu, kwa kuwa rangi nyingi nyeusi za kutia vitambaa haziuzuii mwanga huo. Hata hivyo, pale lilipokuwa limening'inia shubiri moja mbele ya ubao, hatukuweza kusoma hata herufi moja. Tulipolibana kwenye ubao, herufi zilitokea kwa kufifia. Mtandio mwepesi ulipobanwa, tulizisoma herufi zote. Tulipoukunja mara mbili, zikapotea.

Huo ndio ukweli, nao uko katikati. Uvumi ulizidisha, lakini haukuwa uongo mtupu. Kamera hiyo haipenyi kuta wala haioni joto la mwili. Mashine ya kuona joto ni nyingine kabisa. Lakini nguo nyepesi, yenye tabaka moja na iliyobana mwili, yaweza kusaliti kilicho ndani yake. Wala jambo hili si geni duniani: mwaka 1998 kampuni ya Sony ililazimika kuzirekebisha kamera zake za video za kuonea gizani, baada ya kubainika kuwa watu wanaweza kuzitumia mchana kwa madhumuni ya namna hiyo.

Je, kifaa hiki ni haramu? Sisi hatuoni hivyo, na sababu yetu tuliishika mikononi. Kuna familia katika Mji wa Kale ambayo ndugu wamekuwa wakivutana juu ya chumba cha chini cha nyumba ya babu yao, kama ni urithi au ni wakfu. Waraka wa babu upo, lakini ulinyeshewa na mvua na nusu yake imekuwa doa la kahawia. Kwa idhini ya pande zote mbili, tulimwomba kijana aupige picha. Wino wa masizi hubaki mweusi katika mwanga wa infraredi, na doa likang'aa likawa kama karatasi tupu. Mistari minne ikasomeka, na mmoja wao ukataja kuwa chumba kimewekwa kwa ajili ya watoto wasomao Qur'ani. Ndugu wakubwa walinyamaza, kisha mmoja akalia. Ni kwa njia hii Najib Albina, mpiga picha Mpalestina, alivyozisomesha ngozi za kale zilizopatikana karibu na Bahari ya Chumvi, katika makumbusho ya Jerusalem miaka ya 1950.

Lakini tuliona na jambo la pili. Nyongeza ya pembeni, iliyoandikwa baadaye kwa wino wa dukani, ilitoweka kabisa katika picha. Kamera ilifichua neno moja na kulificha jingine. Angeipokea mtu picha ile peke yake, angeapa kuwa nyongeza haikuwepo. Kwa hiyo tukawaambia ndugu wale wauhifadhi waraka wenyewe, na picha iwe msaidizi wake.

Katika Surat al-Hujurat, aya moja inatukataza mambo matatu kwa pamoja: dhana, upelelezi na kusengenyana. Katika ghorofa ile ya Buxton, mwenye kamera alitakiwa kujihadhari na la pili, na majirani na la kwanza na la tatu. Na Surat an-Nur iliwaamrisha wanaume kuinamisha macho kabla ya kuwaambia wanawake jambo lolote. Kamera ni jicho, na amri ya jicho inaihusu. Sheria ya nchi nayo inalinda faragha, katika kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010.

Tuliyokubaliana ni haya. Kijana hatapiga picha ya mtu yeyote kwa kamera hiyo bila idhini yake, hataielekeza madirishani wala ufukweni, na ataipiga kazi yake palipo miti na nyaraka. Kina mama watachagua buibui pana, lenye kitambaa kizito au lenye nguo nyingine ndani, kama walivyofanya bibi zetu kabla ya kamera kujulikana. Na mabinti wapite uwanjani kwa amani, kwani dhambi ya kuchungulia ni ya mchunguliaji.

Siku ya suluhu, kijana aliweka picha zake mezani. Yule mama aliyetuuliza swali aliinua moja, akaiangalia kwa muda. "Na mti huu mweupe uko wapi, mwanangu?"

"Ni mwarobaini wetu wa hapo uwanjani, mama. Unaanika nguo chini yake kila siku."

Akacheka, naye akaomba apewe nakala.

Tunamwomba Allah atusitiri duniani na akhera, na ayafanye macho yetu kuwa mashahidi wetu wala yasiwe mashahidi juu yetu. Wabillahi tawfiq.