Ameacha Kazi Hiyo, Futeni Picha Zake

Nyinyi mnaomiliki tovuti za matangazo ya ngono hapa Nairobi, nasema nanyi. Mwanamke aliyeacha kazi hiyo akiwaomba mfute picha na namba yake, futeni. Msimwambie atume pesa kwanza. Ada ya tangazo mlishapokea, na kazi mliyolipwa imekwisha. Kumtoza tena ili mumwache aishi ni unyang'anyi.

Wapo wanaosema abadilishe laini tu. Laini hiyo ndiyo M-Pesa yake. Ndiyo iliyo kwenye daftari la chama, ndiyo mwalimu wa mtoto anayopigia, ndiyo namba pekee ambayo mamake kijijini anaijua kwa moyo. Kiwango chake cha mkopo wa Fuliza kimejengwa juu yake kwa miaka. Sasa anauza mitumba soko la Gikomba. Mteja anahifadhi namba ili atumiwe picha za mzigo mpya, kisha kwa udadisi anaiandika kwenye Google. Linaibuka tangazo la zamani: picha za chumbani, umri, mtaa, bei ya saa moja. Tangu hapo ni simu za wanaume usiku wa manane, na shemeji anayesambaza picha hizo kwenye kundi la familia.

"Alijianika mwenyewe," mnajibu. Ndiyo, aliridhia. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema ridhaa inaweza kuondolewa wakati wowote. Kifungu cha 40 kinampa haki ya kudai taarifa zake zifutwe pale mnapokosa idhini ya kuendelea kuzishika. Katiba nayo, kifungu cha 31, inampa kila mtu faragha, bila kuuliza alikuwa akila kwa kazi gani.

Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya hapa jijini Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Alifanya vyema. Basi kinga aliyopewa mtu aliyekwenda kustarehe apewe pia huyu anayehangaikia karo, kwa uzito uleule. Sioni sababu hata moja ya kuwatenga.

Kinachonichoma zaidi ni nyinyi mnaohubiri kila Jumapili kwamba makahaba waache. Huyu ameacha! Mbona basi picha zake bado zimo kwenye simu zenu, na mnazituma kwa wateja wake mkidai mnawaonya? Mnamrudisha kulekule mlikomwambia atoke, kwa sababu akikosa wateja, njaa haitangoji mmsamehe.

Kwa ofisi ya Kamishna nina dai moja. Sheria inawapa siku 90 kumaliza lalamiko. Kwa deni lililobishaniwa, siku hizo zinavumilika. Kwa picha za mwili wa mtu zinazonakiliwa kutoka simu hadi simu, ni nyingi mno. Toeni amri ya kuziondoa kwanza, ndani ya siku moja, kisha sikilizeni pande zote mbili kwa utulivu wenu. Na mpangieni mwanamke huyo afisa atakayepokea lalamiko lake faraghani, asiyemuuliza kwa nini aliingia kazi hiyo. Wengi hawaji kwenu kwa kuogopa swali hilo tu.