Kompyuta Bila Vipimo vya Mvua Hazitatufaa





Kompyuta kubwa zinazokadiria tabianchi ya miaka ijayo huigawa dunia katika miraba, ambayo mara nyingi ina upana wa kilomita 100 hivi. Mwanza, Magu, Sengerema na Ukerewe huweza kuingia zote katika mraba mmoja, zikapewa mvua moja. Sisi wakazi twajua kuwa haziwi hivyo. Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, hujitengenezea hali ya hewa yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, upepo ukavuma kutoka ziwani. Usiku nchi kavu hupoa, upepo ukarudi ziwani na kuinua mawingu ya radi juu ya maji yenye joto. Hapo ndipo wavuvi wetu hukumbwa na dhoruba.

Wataalamu wana programu za kuyagawa makadirio hayo katika miraba midogo. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya miraba ya kilomita 7, yakionyesha kuwa dhoruba kali za ziwani zitazidi dunia ikizidi kupata joto. Programu ya PRECIS ya Uingereza imerahisishwa hata ikaweza kutumika katika kompyuta ya kawaida. Hayo ni maendeleo.

Lakini programu haiwezi kujisahihisha yenyewe. Ni lazima makadirio yake yalinganishwe na mvua iliyopimwa. Pasipo na vipimo, mraba mdogo nao ni kubahatisha tu, na mkulima anayebahatisha hupoteza mbegu na jasho lake.

Kwa hiyo naiomba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ishirikiane na halmashauri kuweka kipimamvua katika kila shule ya msingi. Wanafunzi wa madarasa ya juu, wakisimamiwa na mwalimu, wasome kipimo kila siku saa tatu asubuhi na kukiandika daftarini. Wakati wa likizo iwekwe zamu, maana takwimu zenye mapengo hazitegemeki.

Wako watakaosema kuwa walimu tuna kazi nyingi. Ni kweli, ila kazi hii ni ya dakika chache, tena ni somo la sayansi kwa vitendo. Wataalamu watuletee chombo na mafunzo, kisha waturudishie majibu kwa Kiswahili, ili kijiji kijue kilichopatikana kutokana na jasho lake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Buhongwa, Mwanza.