Martin Ganisya Asisahauliwe

Jina la Kariakoo linatukumbusha wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika Vita Kuu ya 1914–1918. Lakini yupo aliyebeba mzigo mwingine katika mji huo huo. Martin Ganisya, mtumwa aliyekombolewa, alikuwa mwalimu wa Walutheri wa Dar es Salaam. Vita ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, yeye na walimu wenzake Waafrika ndio waliolichunga kundi. Basi kudai kwamba Kanisa hapa lilisimama kwa nguvu za wageni peke yao ni kuipotosha historia.

Ndugu walimu, wafundisheni vijana jina hili. Nanyi watumishi wa Serikali, yahifadhini majalada ya zamani yasiliwe na mchwa. Taifa lisilowataja wapagazi wake hudhani mzigo ulitembea wenyewe.