Maandishi ya penseli si kasoro

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya kusafisha kanzidata, na baadhi yenu mmenikumbusha kwa maneno makali kidogo. Itakuja. Leo nina jambo jingine linalonikereketa, nalo linahusu vitabu vikuukuu, pesa na ujinga wangu mwenyewe.

Wanaonifahamu wanajua kwamba siku za kazi naandika programu, na wikendi nauza vitabu vya zamani vya historia. Ugonjwa huu niliupata nikiwa chuoni Nairobi, kwenye zile "inama", wauzaji wanaotandaza vitabu chini kando ya njia hata mnunuzi akalazimika kuinama. Digrii ya sayansi ya kompyuta ilinipa ajira, inama zikawa zinaila mshahara. Siku hizi nikija nyumbani Bokoli napita Kitale, Kimilili, Chwele na Webuye nikiulizia maboksi ya vitabu ambavyo watu hawavitaki. Huku kwetu kitabu cha zamani huwa kina njia tatu: kuliwa na mchwa, kuchanwa karatasi za kufungia njugu, au kukutana na mtu kama mimi. Hadi mwaka jana nilidhani mimi ndiyo ile njia nzuri.

Sasa kisa chenyewe. Mama mmoja, mjane wa mwalimu mstaafu, aliniita nikachukue boksi la marehemu mumewe. "Toa hii kitu, mwanangu, panya wanazaana humo." Nikampa shilingi 1,500 na akaona nimezidisha. Ndani mlikuwa na vitabu vya hesabu, magazeti ya kanisa, na katikati kabisa nakala ya An Outline History of Babukusu ya F. E. Makila, iliyotolewa na Kenya Literature Bureau mwaka 1978. Mnaofuatilia historia ya huku mnajua moyo wangu ulivyoruka. Kuna vitabu vichache sana vya historia ya Babukusu vilivyoandikwa na watu wa hapa, na hiki hukipati kwa kuingia dukani na kukiomba.

Nakala hiyo ilikuwa imejaa penseli. Mwalimu alikuwa amebishana na kitabu kurasa nzima: mishale, alama za kuuliza, "hapana, huyu alikuwa ndugu yake mkubwa". Kurasa mbili tupu za mwisho alikuwa ameandika majina ya watu wa ukoo wake ambao, kwa jinsi alivyosimuliwa na babu yake, walikuwa ndani ya boma la Chetambe mwaka 1895 Waingereza walipolishambulia.

Nikafanya nini? Nikafanya ambavyo wauzaji wa vitabu vya kale hufanya duniani kote. Nikapiga picha jalada, ukurasa wa jina na ukurasa mmoja wa mwisho, nikaweka tangazo mtandaoni: "Hali: nzuri. Kasoro: maandishi ya penseli pembeni na kurasa za mwisho." Nikapunguza bei kwa ajili ya hiyo kasoro. Mnunuzi wa Ulaya akalipa ndani ya siku nne, nami nikafurahi kama mtu aliyeokota ng'ombe.

Miezi mitatu baadaye kijana wa yule mwalimu akaja na bodaboda. Baba yake mkubwa alikuwa amefariki, wazee walitaka kuutaja ukoo mbele ya watu siku ya mazishi, na walikuwa wakibishana. "Kile kitabu mzee alikuwa anaandika majina, kiko wapi?" Nikamwandikia mnunuzi usiku huohuo. Alikuwa amekwisha kukiuza kwa mtu mwingine, na jina la huyo mtu hakutaka kunipa, jambo ambalo hata mimi ningelifanya. Nilichobaki nacho ni ile picha moja ya simu. Inaonyesha majina manne vizuri. La tano limefunikwa na kidole changu.

Nilimpelekea yule mama picha hiyo. Aliitazama muda mrefu, akasema "Asante, mwanangu," akaenda kuniletea chai. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi vitabu visiuzwe. Kitabu kilichouzwa angalau kina mtu anayekifuta vumbi, na mjane ana haki ya shilingi zake. Ninachosema ni kwamba biashara hii tumeikopa pamoja na vipimo vyake, na kipimo kimoja hakitufai. Kwa mkusanyaji wa London anayetaka nakala safi, penseli ni uchafu, isipokuwa aliyeandika awe mtu maarufu. Kwetu ni kinyume. Mambo mengi ya huku hayakuwahi kuchapishwa, na mahali pekee yalipokaribia karatasi ni pembeni mwa kitabu cha mwalimu wa msingi.

Tazama hiyo hiyo Chetambe. C. W. Hobley, ofisa wa Kiingereza wakati wa vita vile vya 1895, alichapisha kumbukumbu zake London mwaka 1929 katika Kenya: From Chartered Company to Crown Colony. Kwa hiyo upande wa waliokuwa nje ya boma una kitabu chenye jalada gumu, na kimehifadhiwa katika maktaba za nchi za mbali. Upande wa waliokuwa ndani una penseli. Na mimi nimeuza hiyo penseli kwa punguzo.

Najua wenzangu wa kompyuta mtaniambia nini: "Si uskani tu vitabu vyote uviweke mtandaoni?" Polepole. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Hobley alifariki 1947, huyo unaweza. Günter Wagner, Mjerumani aliyeandika The Bantu of North Kavirondo, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka 1949, alifariki 1952, naye kwa sheria yetu amekwisha kuwa huru. Lakini kitabu cha 1978 hukiskani chote ukakimwaga mtandaoni halafu ukajiita mhifadhi. Maandishi ya penseli nayo ni habari nyingine kabisa: kununua karatasi si kununua haki ya maneno yaliyoandikwa juu yake. Hayo ni ya mwalimu na warithi wake. Yaani kitu pekee ambacho ningeweza kukihifadhi kwa kuomba ruhusa ya mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele yangu, ndicho nilichokiacha kiende.

Kuna aibu ya kiufundi pia, na hii nawaambia wanafunzi mcheke. Programu yangu ya kwanza ya kuorodhesha vitabu ilitumia ISBN kama ufunguo wa kila kitabu. Mwalimu wa kanzidata angenipa sifuri! ISBN ilikuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1970. Hobley wa 1929 hana, Wagner wa 1949 hana, A History of the Abaluyia of Western Kenya ya Gideon Were ya 1967 haina. Programu ikavikataa vitabu vyenye thamani na kuvipokea kwa furaha vitabu vya kujiandaa kwa mtihani. Nikarekebisha, nikajiona fundi. Kosa kubwa lilikuwa bado limo: hata ISBN ikiwepo, inatambulisha toleo, haitambulishi nakala. Nakala zote za toleo zina namba moja. Kwa mashine, nakala ya mwalimu iliyojaa majina ya ukoo na nakala isiyowahi kufunguliwa ni kitu kimoja, ila moja ina kasoro.

Na utafutaji je? Mtoto wa Bokoli akiandika "Bukusu" kwenye sanduku la kutafutia, vitabu vingi vya zamani vinavyomhusu havitokei. Waingereza wa mwanzo waliandika "Kitosh". Wagner aliandika "Vugusu". Eneo zima likaitwa "Kavirondo". Muuzaji wa ng'ambo ananakili jina lililo kwenye jalada na kulala. Mimi sasa kila kitabu nakiandikia majina yote, la zamani na la sasa. Ni kazi ya dakika mbili, na haihitaji akili bandia wala nini.

Usitegemee serikali ikuzuie pia. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, inapofafanua vitu vya kale, inataja vitu vinavyohamishika vya kabla ya mwaka 1895 (mwaka uleule!), halafu inaviacha nje vitabu na hati. Ufafanuzi huo unakigusa chungu cha kale cha bibi yako. Kitabu cha babu yako unakitia kwenye bahasha, unakwenda posta.

Wapo wanaoniambia dawa ni kutouza kabisa, tuige makumbusho ya Kitale. Historia yake inafaa kukumbukwa: Luteni Kanali Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, wanyama na vitabu, alifungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926, na alipofariki 1966 aliacha mkusanyo na pesa za jengo kwa Makumbusho ya Taifa. Jengo likafunguliwa Desemba 1974. Simpambi mlowezi, ardhi ya Trans Nzoia tunajua ilivyopatikana. Lakini aliandika wosia. Sisi wengi hatuna wosia wa shamba, sembuse wa vitabu. Na mwalimu mstaafu hana pesa za jengo.

Kwa hiyo mimi nitaendelea kuuza, ila si kama zamani. Kila nakala ina namba yake mwenyewe sasa. Kabla ya bei napiga picha kila ukurasa wenye mwandiko, muhuri wa shule, jina la mwenyewe, hata risiti iliyosahaulika ndani. Picha zinabaki kwa familia, zimechapishwa kwenye karatasi, maana simu zinaibiwa. Kwenye tangazo mwandiko nauweka mahali pa sifa na nauongezea bei. Muuzaji mmoja rafiki yangu ananicheka, anasema nitakosa wateja. Mpaka sasa nimekosa wawili.

Na sasa ombi, ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya niandike. Kama wewe unayesoma hapa una nakala ya Makila ya 1978 yenye penseli nyingi, na kwenye kurasa mbili za mwisho kuna orodha ya majina, sikudai kitabu. Ulikinunua kwa halali. Naomba picha za kurasa hizo mbili tu. Jina la tano, na yote yaliyo chini yake.